Chupa Nilizozifunika Blanketi

Mke wangu alizipata siku ya kufua. Ilikuwa imenyesha wiki nzima, jua likatoka, na kila mwanamke wa ploti yetu hapa Mwiki akatoka nje na beseni. Yeye alikuwa anakusanya mablanketi. Akaingia jikoni, akavuta lile la kijivu nililokuwa nimelisokota nyuma ya jiko la makaa, na chupa zikagongana.

Mimi nilikuwa nimekaa mlangoni kwenye stuli nachambua sukuma wiki. Mtu aliyelewa miaka mingi kama mimi anajua mlio wa chupa mbili zikigusana hata akiwa amelala. Mkono ukakwama kwenye sukuma.

"Hii ni nini?" akauliza.

Nikachukua jani lingine.

"Baba watoto, si nakuuliza? Hii ni nini iko kwa blanketi?"

"Ni waini."

"Ni nini?"

"Waini. Lakini si ya kunywa. Ni ya kukaa."

Basi akapiga nduru. Afadhali ingekuwa nduru ya ugomvi. Ilikuwa ile ya mtu aliyeletewa habari ya kifo. Nje, wanawake wakaacha kufua, nikasikia maji yakitulia kwenye mabeseni. Jirani wa mlango wa pili akauliza, kwa huruma ambayo sijamsamehe mpaka leo, "Amerudia?"

Mke wangu akaendelea kulia, na hicho kilio kikawa jibu. Kufikia saa sita ploti nzima ilijua kwamba nimerudia. Nilichambua sukuma ile mpaka ikaisha, nikaanza kuchambua mabua.

Sikuwa nimerudia. Lakini ningemwelezaje mtu? Mtu akisikia yule kipofu wa pombe ameficha chupa jikoni, atauliza nini zaidi?

Wacha nieleze mimi mwenyewe, kwa sababu nimechoka kuelezwa na wengine. Miaka iliyopita nilikunywa sumu. Kwenye redio walisema pombe haramu. Mimi nasema sumu, na walioniuzia nawajua. Sitaji majina, na mtaa sitautaja, lakini wenyewe wakisoma watajijua. Kuna mama pima aliyetuuzia, tuliyemwita mama kweli, tukamchotea maji na kumpasulia kuni. Leo ana nyumba za kukodisha na anakaa kiti cha mbele kanisani. Kuna yule kijana wake aliyekuwa akileta mitungi kwa pikipiki, ndani yake dawa ya kusafishia mashine huko viwandani, akijua ni dawa ya mashine. Kuna askari aliyekuja kila Ijumaa kuchukua bahasha yake, na kila Jumamosi akaenda kumwaga muratina, ile pombe ya asali, ya bibi vizee ambao hawakuwa na bahasha. Na kuna mkubwa mmoja wa mtaa ule aliyetuambia kwenye mkutano kwamba hapo pombe imekwisha kabisa. Alipiga meza akisema hivyo. Mimi nilikuwa kwenye ule mkutano, nikiwa nimelewa.

Najua mimi pia nimo. Lakini mimi nimelipa. Wao sijaona wakilipa.

Siku ile tulikuwa tumejaa benchi. Tuliotoka hai ni wachache, na kati yetu mimi ndiye mwenye bahati, ndivyo wanavyosema, kwa maana nilibaki na macho ya pembeni. Katikati ya kila kitu ninachokiangalia pana ukungu, kama mtu amepumua juu ya kioo. Pembeni naona. Nikitaka kuuona uso wako ni lazima nilitazame sikio lako, au ukuta ulio nyuma yako. Watu hudhani nawadharau. Wengine hudhani nina hatia, ndiyo maana siwezi kuwatazama machoni.

Na si hayo tu. Pale hospitali watu wa televisheni walitukuta tukishushwa. Walinipiga picha nimeshikwa makwapa, mdomo wazi, suruali imelowa mbele. Ikaonyeshwa kwenye habari za jioni na nchi nzima ikaniona. Marafiki zangu waliokufa walifunikwa shuka, hakuna aliyewaona. Mimi niliyepona ndiye niliyeonekana. Mpaka leo, mahali pengine wakitoa maonyo ya pombe, ile picha inarudi, na suruali yangu haijawahi kukauka.

Sasa waini iliingiaje?

Nalima maua kwa mzee mmoja aliyestaafu, huko Ruiru kwenye zile nyumba za geti. Maua hayataki macho makali. Mikono inatosha. Siku moja aliniita nimsaidie kusogeza kabati sebuleni, na ubavuni mwa jicho nikaona ukutani rafu ya mbao yenye mashimo, na ndani ya kila shimo chupa imelala. Nilipitisha kidole kwenye shingo moja. Ilikuwa na vumbi.

"Mzee, hii imesahauliwa?" nikamuuliza.

"Haijasahauliwa. Hiyo si ya kulewa," akasema. "Hiyo ni ya kukaa. Inakaa miaka, ndio inakuwa nzuri."

Nilienda na maneno hayo mpaka nyumbani. Mimi katika maisha yangu sikuwa nimewahi kuiona pombe ikilala mahali na kuamka bado ipo. Pombe niliyoijua iliisha siku iliyonunuliwa, na ikibaki, mtu alibaki nayo. Na huyu hapa mtu mwenye ukuta mzima wa pombe, anapita mbele yake asubuhi akienda kunywa chai. Nilimwonea wivu. Sikutamani waini yake. Nilitamani kule kupita.

Mwezi huo huo binti yangu akaleta habari. Yeye ni kifungua mimba wetu, anashona nguo katika kiwanda kimoja huko Thika, na ndiye aliyenishika mkono kunipeleka choo ule mwaka wa kwanza nilipokuwa sioni hata pembeni. Alikuwa bado na yunifomu ya shule. Alisema kuna kijana, na watu wa kijana wanataka kuja kuuliza njia, yaani kufungua maneno ya posa. Ni Wakamba waliohamia Theta, wana shamba na mbuzi, watu wa heshima.

Kwetu Wakikuyu jambo hili lina kinywaji chake. Watu wa kijana huja na pombe. Msichana huitwa mbele ya wazee, na babake humuuliza wote wakisikia, "Tunywe?" Akikubali huyo kijana, anamimina, anampa babake kwanza, na babake anakunywa. Akikataa, pombe inarudi walikotoka. Hakuna maneno mengine yanayoshinda hayo. Siku hizi watu wa kanisa hutumia soda au uji, na hakuna anayeulizwa kwa nini.

"Tutaweka soda," mke wangu alisema mara moja.

"Soda hapana," nikasema.

"Kwa nini hapana? Si wote wanaweka soda?"

Sikuweza kumwambia. Kwa mtu mwingine soda ni soda tu. Kwangu mimi soda ingekuwa tangazo. Kila mtu angeiangalia chupa ya soda mezani na kukumbuka suruali yangu. Nilitaka kitu kimoja, kimoja tu: siku hiyo binti yangu asimame mbele ya wakwe zake bila kuona haya kwa ajili yangu. Nilijiambia, wakiona nyumbani kwangu kuna pombe nzuri, imelala, nzima, haijaguswa, watajua huyu si yule. Huyu ni mtu anayepita mbele yake.

Ndipo nikamtuma mshenga neno ambalo sikupaswa kulituma. Nilimwambia awaambie wasilete kinywaji. Kwangu kipo.

Alirudi akicheka. "Baba mdogo wa kijana anauliza, kwani unafikiri watakuwekea nini?"

Nikacheka pia. Lakini alikuwa amegonga msumari penyewe. Tangu siku ile ya benchi sinywi kitu kutoka mkono wa mtu asiye wa nyumba yangu. Chai ya matangani sinywi. Hata maji. Mke wangu huwaambia watu ni tumbo.

Nikaanza kutafuta waini. Pale stendi kuna duka la pombe lenye vyuma dirishani kama jela. Nikainama kwenye tundu.

"Una waini?"

"Waini?" Msichana wa ndani akageuka kumwambia mwenzake, "Anataka waini." Kisha akanirudia. "Mzee, ya kupika ama ya kuposa?"

"Ya kukaa."

"Hapa hatuna ya kukaa, mzee. Hapa tuko na ya kuanguka."

Walicheka mpaka wakashikana. Mimi niliondoka nikitazama ukuta, na sijui kama walijua kwamba ndivyo ninavyotazama.

Nilienda Thika, kwenye supamaketi kubwa, ambako hakuna mtu anayenijua. Kila mwisho wa mwezi, nikipokea changu, napanda mpaka huko nanunua chupa moja. Maandishi siwezi kuyasoma, na hata macho yangekuwa mazima, shule yangu iliishia darasa la tano. Nilichagua kwa vidole. Nikajua kuna chupa zenye mabega na zingine zenye shingo inayoteremka taratibu kama bata. Nikajua nyingine chini zina shimo refu, dole gumba linaingia lote. Kijana wa pale alizoea kuniona, akaniambia nyeusi, nyeupe na ile ya waridi hazifanani ladha. Nikasema sawa. Mimi sikuwa nauliza ladha. Nilikuwa nauliza kifuniko.

"Hii ni ya kuzungusha," alikuwa akisema.

"Sitaki ya kuzungusha. Nipe ya mbao."

Mama pima wetu alikuwa na chupa nzuri zenye majina makubwa, za kuzungusha, na humo ndimo alimotia ile dawa. Kifuniko cha mbao, kile kizibo kinachozama shingoni, hakuna aliyewahi kukifungua. Ukikigusa kwa kidole unajua hakuna mkono uliotangulia. Niliwahi kusimama katikati ya ile supamaketi, kidole juu ya kizibo, machozi yananitoka kama mtu mjinga, nikawa najifanya nina mafua.

Sasa kosa langu. Nilijua zilale, hilo nililiona Ruiru. Lakini zilale wapi? Hilo sikuuliza, kwa sababu nilidhani nalijua. Babangu alikuwa mpikaji wa muratina, ya asali, wazee walitembea kutoka mbali kuja kuionja. Na muratina haiwekwi kwenye baridi hata siku moja. Kibuyu kilikaa karibu na mafiga, kimevishwa blanketi, na sisi watoto tulipigwa tukiacha mlango wazi. Alisema ikipata baridi italala isiamke. Mpaka leo nikifumba macho naona kibuyu cha babangu kimefunikwa mpaka shingoni, na sisi tukilala tumegawana gunia.

Hivyo nilizifunika. Nikazilaza nyuma ya jiko, mahali ambapo ukuta huwa moto tangu chai ya asubuhi mpaka ugali wa jioni, nikazivisha blanketi zuri kuliko lile ninalojifunika. Nikipita nashusha mkono nasikia zina joto. Nafurahi. Nasema, zinaendelea.

Basi hapo ndipo mke wangu alipovuta blanketi.

Jumapili binti yangu akaja. Mamake alikuwa amezipanga chupa mezani kama vitu vilivyookotwa kwa mwizi. Nikaeleza yote, Ruiru, kukaa, wakwe. Nilieleza nikitazama dirisha. 

"Dad," binti yangu akasema, "hujafungua hata moja?"

"Shika uone."

Akazishika moja moja. Akapitisha kidole juu ya vizibo, vile vile nilivyofanya mimi.

"Mum, wacha akae nazo."

"Akae nazo? Huyu?"

"Zimekaa. Si unaona zimekaa?"

Mke wangu alifikiri. Kisha akatoa hukumu yake: chupa zirudi mahali pake, lakini chuma cha kuvutia kizibo, nilichokinunua pamoja nazo, atakishika yeye. Akakitia kwenye mkoba wake wa Biblia, kikawa kinaenda kanisani kila Jumapili na kurudi. Nilistahili hilo. Lakini kulistahili hakukunizuia kuona haya kila zipu ilipolia.

Wakwe wakafika Jumamosi moja, magari mawili, wamevaa vizuri. Tulikodi hema dogo na viti, meza ikatandikwa kitambaa cheupe. Baba mdogo wa kijana ndiye aliyekuwa msemaji wao, mtu wa kicheko, sauti kama ya mhubiri.

"Wazee wenzangu," akaanza, "sisi tumepotelewa na mbuzi. Tumemfuata nyayo kutoka Theta, nyayo zimeingia hapa."

"Mbuzi wa Theta hawezi kufika Mwiki," mzee wa upande wetu akamjibu. "Angekuwa ameshakuwa mchuzi huko Ruiru."

Watu wakacheka. Nilifurahi. Nilisikia viti vikisogezwa karibu, vile watu hufanya wakianza kuwa wa mahali pamoja. Kisha msemaji akasema, "Sasa, tumeambiwa mwenye nyumba ana kitu chake cha kunywa. Tumekuja na koo kavu."

Nikamwita binti yangu. Akaja na sinia, chupa tatu na glasi. Mke wangu akafungua zipu ya mkoba wa Biblia mbele ya wote, akatoa kile chuma, na wanawake wakaangua kicheko.

"Hiyo ni sura ya ngapi, mama?" msemaji akauliza.

Mzee wa upande wetu aliichukua chupa ya kwanza kuifungua. Nikamsikia akiguna. "Kizibo kimejitokeza chenyewe," akasema. "Na hapa juu inanata." Akavuta kidogo tu, kikatoka bila sauti. Harufu ikaja. Haikuwa harufu ya matunda. Ilikuwa nyanya iliyosahauliwa motoni, na nyuma yake siki.

Mwenye pombe huonja kwanza, wageni wajue haina kitu. Mimi nilikuwa nimepanga nitalowesha midomo tu, daktari alishanikataza zaidi ya hapo. Nikaipandisha glasi. Ikagusa ulimi, ikauma.

Siwezi kueleza vizuri kilichotokea. Akili yangu ilijua hii ni waini iliyoharibika. Lakini mwili haukuuliza akili. Masikio yakajaa sauti za lile benchi, za watu wakijikunja, na nikatema. Mbele ya wakwe, juu ya kitambaa cheupe, nikatema, nikakohoa na kutema tena, kamasi zikanitoka, nikashika meza na glasi ikaanguka.

 Mwanamke wa upande wao akamnong'oneza mwenzake. Watu husahau kwamba aliyepunguziwa macho huongezewa masikio.

"Ni yeye. Si nilikwambia ni yeye? Yule wa TV."

Msemaji akajaribu kuniokoa, Mungu ambariki. "Hii waini imekasirika, mzee. Ilidhani wewe ni mgeni." Wawili au watatu wakacheka kidogo wakaacha. Chupa ya pili ikafunguliwa, ile ile. Ya tatu, ile ile. Glasi zote zilikuwa zimeshushwa mezani. Nilisikia kila moja ikishuka.

Nilimtafuta binti yangu pembeni ya jicho. Alikuwa amesimama, ameshika sinia tupu kifuani kwa mikono miwili. Kitu kimoja tu nilichokuwa nimekitaka, na nilikuwa nimekivunja kwa mikono yangu.

Mamake kijana akainuka.  Akaenda mpaka kwenye gari, akarudi na kibuyu kilichofunikwa majani ya mgomba.

"Sisi tulibeba kitu kidogo," akasema.

"Nilisema msilete," nikasema. Nilijisikia nikisema hivyo, mdomo bado umelowa.

"Si pombe, baba. Ni uji wa kuchacha. Msichana wako ndiye alinifundisha, mimi sikujua kuupika wa kwenu. Alituambia hali yako, tangu siku ya kwanza alipokuja kwetu. Tukasema haidhuru, tutabeba, akitaka atakunywa."

Tangu siku ya kwanza. Wote waliokuwa chini ya lile hema walijua. Walikuwa wamejua wakipanda magari, wamejua wakicheka habari za mbuzi. Nilikuwa nimeficha chupa miezi yote ile, nikazivisha blanketi, nikasumbua mshenga, ili kuwaficha watu kitu ambacho walikuwa tayari wamekisamehe. Kukamatwa ukificha ni haya. Kukuta kwamba hakuna aliyekuwa anatafuta, hiyo sijui inaitwaje.

Mzee wetu akanigusa goti. "Muulize mtoto."

Nikamgeukia binti yangu. "Tunywe?" nikasema.

"Tunywe, baba."

Akamimina uji kwenye kata ndogo ya kibuyu, akanipa. Na mkono wangu ukakataa. Uji ulinuka uchachu, nao ulitoka mkono wa watu wengine, na mkono ulibaki juu ya goti kama si wangu. Nikasema moyoni, chukua. Haukuchukua. Nikasikia upande wa wakwe wakianza kujisogeza, kwa sababu kila mtu pale, Mkikuyu kwa Mkamba, alijua maana ya baba kutopokea. Mke wangu akasema kwa sauti ndogo, "Ngai, mzee, tafadhali."

Binti yangu akaivuta kata mdomoni mwake akanywa. Si kuonja kwa ncha ya ulimi. Alikunywa akameza, koo likasikika. Mzee wetu akakohoa, kwa maana msichana hanywi kabla ya babake siku hiyo, haijawahi kuonekana. Yeye hakumjali. Alisimama pale mbele ya wakwe zake wote, akangoja kidogo, akapangusa mdomo kwa mgongo wa mkono.

"Nimeonja," akasema. "Niko sawa. Sasa wewe."

Vile mama huonja uji wa mtoto mchanga asije akaungua. Mbele ya watu. Mtoto wangu mimi.

Nikapokea nikanywa yote. Wanawake wakapiga ngemi, vigelegele vya kwetu, msemaji akapiga makofi akisema mbuzi amepatikana, na watu wakaanza kula. Walikuwa na furaha ya kweli, sidanganyi. Mimi nilikula nikitazama mguu wa hema.

Jumatatu nilimweleza yule mzee wa Ruiru. Aliniuliza nilikuwa nimeziweka wapi. Nilipomwambia alicheka mpaka akaketi chini kwenye nyasi. "Umezipika! Waini inataka baridi, bwana, na giza, na kuachwa peke yake. Si muratina hiyo!" Kisha akaacha kucheka, nadhani aliniangalia. Aliingia ndani akaniletea moja.

Hiyo ndiyo ya kwanza ya zile nilizo nazo sasa. Ziko chini ya kitanda upande wa ukuta usiopigwa na jua, zimelala juu ya simenti, bila blanketi wala gunia. Mke wangu akifagia anazizunguka. Chuma bado kinaenda kanisani. Kila nikilala najua ziko chini yangu, baridi, nzima, na hakuna mkono uliozitangulia, na huwa napata usingizi.

Binti yangu huja kila mara na mumewe, na siku hizi na mtoto. Akiingia jikoni ndiye huniletea chai. Kabla ya kunipa, akiwa bado mlangoni, huinua kikombe akapiga funda moja dogo, kisha akapangusa ukingo kwa kidole gumba na kuja akitabasamu. Sikumwomba. Chai ni ya nyumbani kwangu, mamake ndiye aliyeipika. Anafanya hivyo mbele ya mumewe, na anadhani sioni. Anasahau kwamba macho yaliyobaki ni ya pembeni. Kwa hiyo akitokea mlangoni na kikombe, mimi humgeukia nikamtazama usoni, moja kwa moja, ili nisimwone.